Daftari la Funguo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemaliza maisha ya watu watatu kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo kazi yangu siku hizi! Chama chetu cha askari wastaafu kina Siku ya Kumbukumbu tarehe 16, na msomaji ni mimi. Kila aliyetutoka mwaka huu, awe askari mwenyewe, awe mke, mume au mtoto wa askari, anasomewa ukurasa mmoja.

Wa kwanza, askari wa barabarani. Hata alipostaafu alikuwa akiongoza watu mezani kwa mikono — wewe pita na sahani, wewe simama. Wanawe wanasema siku ya mwisho hospitalini alimsimamisha daktari mlangoni. Wa pili, mke wa koplo. Alihamishwa nyumba za kota mara kumi na nne, akashona mapazia mara kumi na nne, na hakuna dirisha lililolingana na la nyumba iliyotangulia. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Wa tatu, mtoto wa mpishi wa kantini. Miaka tisa. Hapo sikucheka.

Zamani kurasa hizi zilikuwa porojo tupu. Marehemu alikuwa mpole, mchapakazi, mcheshi. Wote wapole! Ungedhani tulikuwa kwaya. Ndipo mimi na kimbelembele changu nikasimama kwenye mkutano nikasema: leteni madaftari ya mfukoni. Kila askari alikuwa nalo, anaandika kila jambo, saa na dakika. Sheria ilitaka ulirudishe siku unayostaafu. Nani alirudisha? Yako sandukuni, chini ya sare. Walinipigia makofi.

Kesho anakuja binti wa Funguo. Tulimwita Funguo kwa sababu alilinda selo miaka ishirini, na kile kitita cha funguo kiunoni kilikutangazia yuko wapi. Alifariki mwezi wa nne. Tulikuwa kituo kimoja cha polisi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechana kurasa mbili kabla ya hii. Mimi niliyeitwa Mwandiko kituo kizima!

Niandike kwa mpangilio. Binti amekuja saa nne, bado na viatu vya kazi — ni nesi wa wodi ya watoto. Madaftari kumi na moja ndani ya boksi la viatu. Tumekaa mezani tukasoma na kucheka mpaka machozi. Mzee wake aliandika kila kitu. “Saa 4:05 nimepewa chai. Saa 4:06 chai haina sukari. Saa 4:10 nimelalamika. Saa 4:30 hakuna hatua iliyochukuliwa.” Huyo ndiye Funguo hasa!

Kisha Nesi akatoa la kumi na moja, alilokuwa ameliweka kando. Akasema mama, humu kuna ukurasa mmoja siuelewi, na baba aliukunja pembe. Kabla sijavaa miwani niliona tarehe. Niliijua.

Naunakili kama ulivyo:

“Saa 8:10 mchana. Fundi saa anabanwa kifua. Anaomba dawa yake ya pumu. Nimekwenda kaunta. Dawa ipo. Nimeambiwa hakuna saini ya Mkuu. Saa 8:25 nimekwenda tena. Hakuna saini. Saa 8:50 hapumui. Nimemjulisha Mkuu. Saa 12:15 jioni gari limetoka nyuma. Sikuulizwa kitu.”

Nesi akauliza: mama, ninyi mlikuwa pamoja. Siku hiyo kaunta alikuwa nani?

Nikamjibu, siku nyingi, binti yangu. Nitatazama.

Nitatazama! Jamani, mwongo gani mimi. Amenishukuru. Ameniachia daftari, eti mimi ndiye ninayeuweza mwandiko wa baba yake. Nimelitia ndani ya kopo la unga.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana sikula. Leo nimeunguza mboga mara mbili. Baba watoto ameuliza kama nina mchumba mpya.

Haya. Niandike, hakuna asomaye hapa ila mimi.

Kaunta nilikuwa mimi.

Miaka thelathini na moja iliyopita. Fundi saa aliletwa asubuhi, alikutwa na saa mbili za wizi kwenye kibanda chake. Pengine aliletewa kutengeneza tu, nani ajuaye. Adhuhuri mkewe akaja na dawa yake, kile kidude cha kuvuta, amekifunga ndani ya leso. Msichana tu, mimba ya miezi sita au saba. Nilimpokea. Nikaandika kwenye rejista ya vitu, nikakiweka kwenye droo yangu. Utaratibu ulikuwa huo: hakuna kinachoingia selo bila saini ya Mkuu wa kituo.

Na Mkuu alikuwa ofisini, mlango umefungwa, amesema asisumbuliwe.

Funguo alikuja mara mbili. Mara ya pili alinisihi. Kutoka kaunta hadi mlango ule ni hatua saba. Nilizihesabu, kwa sababu nilisimama nikaenda — nikafika — nikainua mkono nigonge. Nikarudi. Niliogopa. Wiki ile alikuwa amenitukana mbele ya watu kwa kuingia bila kuitwa, na nilikuwa nasubiri cheo. Ndiyo yote. Mtu amekufa kwa sababu niliogopa kugonga mlango.

Saa tisa na nusu Mkuu akaja kaunta mwenyewe. Hakufoka. Alisema kwa upole niandike kwenye kitabu cha matukio: “Saa 9:30 mchana. Mahabusu ameachiwa akiwa mzima. Amekabidhiwa vitu vyake vyote.” Nikaandika. Mwandiko safi, haukupinda hata herufi moja. Kidude nilikitupa chooni.

Kesho yake yule msichana akaja. Nikamgeuzia kitabu asome mwenyewe. Akafuata maneno kwa kidole. Akasema asante.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia baba watoto. Alikuwa kibarazani anakata kucha za miguu. Nimemwambia tu: Funguo aliandika siku ile.

Hakuuliza siku ipi.

Kwa sababu lile gari lililotoka nyuma saa kumi na mbili na robo — dereva alikuwa yeye. Hata hatukuwa tumeoana bado. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza alikwenda nalo wapi, naye hajaniuliza niliandika nini. Tumelea watoto wawili, tumeozesha mmoja, na hilo hatukuligusa.

Akasema Funguo alikuwa anaandika? Nikasema sote tulikuwa tunaandika. Akasema mimi sikuandika. Akaingia ndani akajilaza. Mguu mmoja kucha fupi, mwingine ndefu. Hajamalizia mpaka sasa.

Namwogopea. Ana presha, ana mguu mbovu, ana miaka sitini na minane. Wakimchukua hamalizi mwezi.

Jumapili, 10 Agosti

Nesi amepiga simu. Amemtafuta mke wa fundi saa. AMEMPATA!

Aliuliza mafundi saa wa zamani tu, na haikumchukua hata nusu siku, kwa sababu mama yule hajahama. Chumba kile kile, nyuma ya kibanda kile kile. Mwenye nyumba amebadilika mara tatu, yeye yupo. Aliogopa akihama mumewe atarudi amkose.

Nikauliza umemwambia nini? Nesi akasema hajamwambia kitu. Kwanza anataka tuujue ukurasa vizuri. Amemwambia tu aje Siku ya Kumbukumbu, kuna neno kuhusu mumewe.

Nimekaa sakafuni jikoni na simu mkononi. Baba watoto amenikuta hapo, akafikiri nimeanguka.

Jumanne, 12 Agosti

Mkuu amekuja nyumbani.

Sikumwalika. Nimefungua mlango na huyo hapo, na fimbo yake na tabasamu lake. Ana miaka themanini na kitu, lakini mwanawe ana cheo kikubwa huko juu na Mkuu hutembea kama cheo ni chake. Baba watoto alipoona ni nani alijifanya anakwenda kuoga. Maji yalimwagika huko bafuni nusu saa nzima.

Ameomba chai isiyo na sukari. Ameniuliza habari za magoti yangu. Ameusifu ukuta wetu kwa rangi. Kisha akasema, na yule mjukuu wako, hajambo? Yule wa shule yenye geti la bluu. Naona siku hizi anarudi peke yake.



Akasema Nesi amempigia yeye pia, kumuuliza habari za ukurasa ule. Watoto wa siku hizi wadadisi sana. Daftari lile ni mali ya serikali, nimletee kesho, yeye atalifikisha panapohusika. Halafu akanigonga begani kidogo na kichwa cha fimbo. Akasema: nakuamini, Mwandiko, hujawahi kuniangusha.

Alipokwisha kutoka ndipo nilipojiona. Nimesimama wima, visigino pamoja, mikono ubavuni. Mwanamke mzima wa miaka sitini na miwili! Ndani ya kanga! Nimelia kwa hasira. Na hofu iko pale pale.

Nimempigia binti yangu nikamwambia mtoto asitoke shule peke yake. Akauliza kwa nini. Nikasema joto.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempelekea.

Nimelipangusa unga, nimelifunga kwenye gazeti, nimempelekea kama mbwa anayerudisha mpira. Hakunikaribisha ndani. Alilipokea pale pale mlangoni akasema vizuri.

Njiani kurudi nilijisikia mwepesi. Niseme kweli, nilijisikia mwepesi. Nilinunua maembe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejipalia makaa!

Nimekwenda hospitali kumwambia Nesi kwamba bahati mbaya, daftari limelowa, bomba la jikoni limepasuka, halisomeki tena. Nilikuwa nimejizoeza kuanzia asubuhi mbele ya kioo. Nimemkuta kwenye korido anakunja mashuka. Nimelisema lote, na la bomba nikalitia chumvi.

Akanishika mkono. Akasema pole mama, usijali hata kidogo. Nilipiga picha kurasa zote siku ile ile, kabla sijakuletea. Akatoa simu akanionyesha. Ukurasa wa pembe iliyokunjwa, unang'aa! Akaukuza kwa vidole viwili mpaka neno “kaunta” likajaa kioo chote.

Kisha akasema wewe ndiye usome, mama. Ukurasa wote wa baba, pamoja na hili. Mimi sauti itanikatika. Baba alikuwa akisema kituoni kulikuwa na mtu mmoja tu anayeandika kitu kama kilivyo, ni wewe.

Funguo alisema hivyo? Funguo aliyekuja kwangu mara mbili akarudi mikono mitupu? Ama alikuwa ananicheka au alikuwa amenisamehe, na sijui lipi baya zaidi.

Nesi ameuliza tena kama nimekumbuka nani alikuwa kaunta. Nimesema nafikiri alikuwa mwanamke. Basi. 

Sasa, nikiliruka mbele ya watu, Nesi atasimama na simu yake. Nikilisoma, Mkuu yuko mstari wa mbele. Na mzee wangu je? Jina lake halimo humo lakini kila mtu kituoni alijua gari lilikuwa na dereva mmoja.

Ijumaa, 15 Agosti

Ukumbi umekwisha kupangwa. Mwenyekiti wa chama amenipigia mara nne kuhusu viti. Anataka kila ukurasa usizidi dakika tano, kwa sababu mwaka jana watu walisinzia. Nimemwambia mwaka huu hawatasinzia. Akafurahi.

Adhuhuri baba watoto amekuja jikoni, akavuta kigoda, akakaa. Hajawahi kukaa jikoni tangu tuoane. Akaanza kuniparia viazi. Alikuwa anakata nusu ya kiazi pamoja na maganda, nikamwachia.

Akauliza mama yule bado yu hai? Nikasema yu hai, na kesho atakuja.

Alipara viazi viwili vingine. Akasema: machimbo ya mawe. Yale ya zamani, ambayo kampuni ilikuwa imeyaacha. Upande wa juu, kwenye ule mti mmoja uliobaki. Alichimba peke yake kwa koleo la gari, Mkuu amekaa ndani ya gari anavuta sigara. Akasema alimtandikia fundi saa koti lake la mvua. Ndiyo maana mwezi ule alikatwa mshahara, koti lilipotea.

Mungu wangu. Nakumbuka lile koti! Nilimcheka. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kupendana, nikamcheka kwa kupoteza koti.

Nikamuuliza sasa nifanye nini? Akasema ukisoma nimekwisha. Usiposoma nimekwisha vilevile, ila nitakufa kitandani kwangu. Akatupa ganda, akasema na kitandani kwenyewe sipati usingizi.

Hakuniambia soma. Hakuniambia usisome. Ameosha mikono akatoka, akaenda kumalizia kucha zake.

Nimeandika kurasa mbili za Funguo. Mmoja una chai isiyo na sukari na unaishia kwenye pensheni. Mwingine una yote, kuanzia leso na droo, na jina langu kamili na namba yangu ya kazi. Zote zina mwandiko mzuri. Siku hizi siuamini tena.

Jumamosi, 16 Agosti

Niko ukumbini. Nimekaa pembeni, kiti cha msomaji, karibu na meza ya maikrofoni. Naandika ili mikono ipate kazi.

Watu wamejaa. Wajane wa mstari wa pili wameanza kulia kabla ya kitu chochote, wana uzoefu. Mkuu yuko mbele kabisa, suti ya kijivu, fimbo katikati ya magoti. Ameniinamishia kichwa kidogo. Mjukuu yuko kwa shangazi yake na mlango umefungwa kwa ndani, nimepiga simu mara tatu kuhakikisha. Baba watoto yuko nyuma karibu na mlango. Nilimwambia abaki nyumbani. Amekuja na amevaa viatu alivyostaafia.

Nimesoma wa barabarani. Wamecheka. Nimesoma mapazia kumi na manne. Wamecheka na kulia. Nimesoma mtoto wa mpishi, mpishi mwenyewe amesimama wima mpaka nikamaliza. Sasa kuna kwaya, nyimbo mbili, halafu Funguo. Bahasha iko mapajani, kurasa zote mbili zimo. 

Nesi amekuja na mama mwembamba amemshika mkono. Amemkalisha hapa hapa, kiti kinachofuata changu. Eti awe karibu asikie vizuri. Nesi amenikonyeza kwa upendo akarudi kwenye viti vya familia yake.

Sikugeuka. Nimeangalia kwaya. Nimesikia ananitazama.

Amesema: ni wewe!

Yarabi. Nilidhani atapiga kelele. Nilitazama bahasha, nikatazama mlango, nikamwona mzee wangu kule nyuma amesimama. Lakini mama anatabasamu! Anasema ni wewe uliyenipokelea dawa yake. Wengine wote siku ile walinifukuza, wewe ulinipokea vizuri, ukaniandikia, ukaniita mama na mimi mdogo kwako. Anasema mtoto alizaliwa salama, wa kike, na alimwambia kwamba kituoni kulikuwa na polisi mmoja mwema.

 Kwaya imeingia wimbo wa pili.

Anasema ana swali moja, dogo tu, na amelibeba siku nyingi. Ukitoka geti la kituo, njia ni mbili. Kulia ni kwao. Kushoto ni kwenye machimbo, hakukuwa na nyumba wala basi upande ule. Mama mkwe wake alikufa akisema mwanawe hakuwakimbia, alikuwa anarudi nyumbani, jambo lilimpata njiani. Ndugu wengine wanasema alikwenda zake kwa mwanamke. Yeye hataki kumlaumu mtu. Anataka kujua tu. Anasema wewe ulikuwa kaunta, mlango ulikuwa wazi, lazima ulimwona. Alipotoka pale getini alikata wapi, kulia au kushoto?

Nimemwambia ngoja mama, nitazame.

Nimefungua daftari hili. Anafikiri natafuta. Kila nikiandika neno anaangalia kalamu. Kwaya imenyamaza. Mwenyekiti ameita jina la Funguo, sasa ameita langu. Ameliita tena. Mkuu amegeuza shingo. Sioni vizuri, maandishi yanaelea. Mama amechukua mkono wangu usio na kalamu, ameuweka juu ya goti lake, anaupapasa, anasema taratibu, usiharakishe, mimi nimezoea kusubiri